Tyubu ya bafa ya AR-15: pima kwanza, nunua baadaye

Tyubu ya bafa ni lile bomba la alumini linalotokeza nyuma ya bunduki ya AR-15. Kitako huvishwa juu yake, na ndani hukaa springi na bafa vinavyoirudisha mbele bolti, kile chuma kinachofunga chemba ya risasi, kila risasi inapotoka. Maswali haya yametoka kwa wasomaji wetu wa Marekani, ambako vipuri vya bunduki hii huuzwa kimoja kimoja madukani. Kabla ya kugusa chochote, chomoa magazini, vuta bolti, tazama chemba kwa macho kisha ipapase kwa kidole. Vaa na miwani ya kazi, maana springi hizi huruka.

Nimenunua kitako kipya lakini kinacheza kwenye tyubu na kugongagonga. Mwenye duka anasema kiko sawa. Kosa liko wapi?

Kitako ni kizima, ila hakikutengenezwa kwa tyubu uliyo nayo. Tyubu za vitako vya kuvuta, yaani vinavyorefushwa na kufupishwa, ziko za aina mbili. Ya kipimo cha kijeshi, ambayo pakiti yake huandikwa "mil-spec", ina kipenyo cha nje cha inchi 1.148 (mm 29.2). Ya kibiashara ina inchi 1.168 (mm 29.7). Tofauti ni nusu milimita tu, lakini inatosha: kitako cha kibiashara kikivishwa tyubu ya kijeshi hucheza, na cha kijeshi hakiingii kabisa kwenye tyubu ya kibiashara. Hesi za mbele ni zilezile, kwa hiyo tyubu zote mbili hufunga kwenye bunduki bila shida, na hapo ndipo watu wengi hupotea.

Kama huna kalipa, kile kifaa cha kupimia kipenyo, pitisha ukucha kutoka mwilini mwa tyubu kuelekea kwenye hesi. Kwenye ya kijeshi ukucha hukwama, kwa kuwa hesi zimeinuka juu ya mwili. Kwenye ya kibiashara hesi na mwili vinakaribiana sana. Usitegemee umbo la mwisho wa nyuma wa tyubu. Ni kweli za kibiashara nyingi zimekatwa mshazari nyuma, lakini si zote.

Ushauri wetu ni ununue ya kijeshi, kwa sababu vitako vingi vilivyoko sokoni vimetengenezwa kwa kipimo hicho. Kuzungushia tyubu utepe ili kitako kikaze si dawa.

Nataka kutoka tyubu fupi kwenda ndefu. Bafa na springi za zamani zitafaa?

Hapana, na kosa hili huvunja bunduki. Kanuni ya kushika ni moja: chukua kina cha ndani cha tyubu, toa urefu wa bafa, jibu liwe kama mm 95, yaani inchi 3¾. Huo ndio mwendo wa kibeba bolti, kipande kinachoibeba bolti mbele na nyuma.

Tyubu ya kabini, yaani bunduki fupi, ina kina cha mm 178 na bafa yake ni mm 83. Ya kati, inayoitwa A5, ina mm 197 na bafa ya mm 102. Ya raifo, ile ya kitako kisichovutwa, ina mm 245 na bafa ya mm 150. Fanya hesabu mwenyewe, zote zinaishia 95.

Sasa weka bafa fupi ya kabini ndani ya tyubu ya raifo. Kibeba bolti kitapita mwisho wake, na kile kijibomba cha gesi kilicho mgongoni mwake kitagonga ukuta wa nyuma wa risiva ya chini, yaani kiwiliwili cha bunduki chenye kifyatulio, kila unapofyatua. Ukigeuza, bafa ndefu kwenye tyubu fupi, bolti haitarudi nyuma ya kutosha kutoa ganda na kuchukua risasi nyingine.

Springi nayo ni ya tyubu yake. Ya kabini ina mizunguko 37 hadi 39, ya raifo 41 hadi 43, na A5 hutumia ya raifo. Ukiwa na springi kuukuu, ilaze mezani uipime: ya kabini iliyopungua chini ya inchi 10 na 1/16, au ya raifo iliyopungua chini ya inchi 11¾, imekwisha. Ibadilishe.

Wenye bunduki za aina hii zinazotumia risasi kubwa zaidi, ya .308, wasitumie hesabu ya 95. Mwendo wao ni karibu mm 114, na bafa zao ni nyingine.

Siku ya pili baada ya kubadilisha tyubu, pini ndogo inayozuia bafa iliruka ikaangukia kwenye kifyatulio. Kwa nini?

Tyubu haikuzungushwa ndani ya kutosha. Pini hiyo ina bega pana na shingo nyembamba, na chini yake kuna springi. Mdomo wa tyubu unatakiwa ulifunike bega bila kuigusa shingo. Usipolifikia bega, springi huirusha pini, nayo ikinasa chini ya nyundo ya kifyatulio bunduki haiaminiki tena.

Fanya hivi. Vika kwanza nati ya kufungia tyubu na uizungushe hadi mwisho wa hesi, mapengo yake makubwa yakitazama kitako. Fuatisha bamba linalokaa kati ya nati na risiva, ulimi wake ukae kwenye mfereji wa tyubu. Paka hesi grisi kidogo. Zungusha tyubu hadi ikaribie tundu la pini, tia springi na pini, ikandamize kwa kidole, kisha endelea kuzungusha mpaka mdomo ushike bega.

Hesi ni 16 kwa inchi, kwa hiyo mzunguko mmoja ni mm 1.6. Nusu mzunguko haufai, kwa sababu mfereji lazima uishie chini kabisa. Ikiwa mzunguko mmoja zaidi unaibana shingo na mmoja pungufu unaiachia pini, chagua wa kuingia ndani, kisha kwa tupa ndogo ya duara chonga kijinafasi cha nusu mwezi kwenye mdomo.

Kabla ya kusukuma bamba mbele, tia kipini kinachoshika pini ya kufungulia bunduki, na springi yake nyembamba, kwenye tundu la nyuma ya risiva. Bamba liisukume springi moja kwa moja. Ukilizungusha, springi hupinda, na pini ya kufungulia bunduki haishiki tena.

Alumini ya 7075 na ya 6061, tofauti inastahili bei?

Kwetu, ndiyo. 7075-T6 ndiyo ya kipimo cha kijeshi na ina nguvu zaidi. Tyubu huvunjika palepale penye hesi, hasa bunduki ikianguka kwa kitako, na 6061 hukatika mapema. Hakikisha pia kuna tundu la kutolea maji nyuma. Likiziba kwa tope, maji hubaki ndani na kuizuia bafa.

Naweza kuweka tyubu ya kitako kwenye AR ya bastola?

Mtutu ukiwa chini ya inchi 16, ukiweka kitako umeunda raifo ya mtutu mfupi chini ya sheria ya silaha ya Marekani ya mwaka 1934. Pata kibali cha ATF, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia silaha, kabla ya kufunga, si baada ya. Tazama na sheria ya jimbo lako: California, kwa mfano, inabana vitako vya kuvuta.

Nati inalegea kila wiki. Nitie gundi?

Ikaze kwanza ipasavyo: pauni-futi 38 hadi 42, sawa na Nm 52 hadi 57, kwa spana ya kipimo. Risiva ishikwe kwa kibao kinachoingia mahali pa magazini, kisha kibao ndicho kibanwe kwenye jiliwa. Ukibana kuta zenyewe utazipasua. Baada ya hapo weka ncha ya punchi kwenye bamba, mbele ya pengo dogo la nati, uigonge mpaka chuma cha bamba kiingie ndani ya pengo. Fanya hivyo sehemu mbili. Gundi haihitajiki. Siku ya kuifungua, spana ndefu itaikata alama hiyo, nawe huenda ukahitaji kununua bamba jipya.