Usimtumie hata shilingi kabla hajakujibu kwa maandishi

Dada, hiyo laki nne ya advansi usiitume. Umesema wewe ni mtu wa kuandika, simu zinakuchosha, na fundi wa kabati anakwambia "acha meseji, nipigie tuyamalize." Ndugu zako nao wanasema ukikataa utaonekana una maringo. Hao ndio wanaoniudhi.

Mimi nilipoagiza milango Keko, Dar es Salaam, nilimwandikia fundi kila kitu: mbao ya mninga, vipimo, aina ya bawaba. Kaka mmoja ofisini, mtu mzima ninayemheshimu, akanisema: "Fundi haandikiwi barua. Mpigie, muongee kiume, atakupunguzia." Kweli alipunguza. Bei mpya tulipatana kwa simu, mimi niko stendi ya Mawasiliano makonda wanaita abiria, kwake randa ya umeme inanguruma. Nikatuma 1,400,000 kwa M-Pesa.

Milango ilikuja inang'aa. Nikakwangua kwa ufunguo pale inapokaa bawaba: chini ya vanishi, mbao nyeupe. Paini! Nampigia, wala hababaiki: "Bosi, si tulisema rangi ya mninga? Kwa bei ile mninga ungeupata wapi?" Na meseji zangu? "Hizo zilikuwa za bei ya kwanza." Mwenyekiti wa mtaa alitusikiliza vizuri, akauliza swali moja tu: hiyo bei mpya mliandikiana wapi? Muamala ulionyesha pesa imetoka, haukusema ni ya mbao gani.

Yule kaka akaniambia pole, mafundi ndivyo walivyo. Ndivyo walivyo! Mbona siku ananitoa kwenye maandishi hakunieleza walivyo?

Na asije mtu hapa kusema mkataba wa mdomo si mkataba. Kisheria ni halali, tabu iko kwenye kuuthibitisha. Meseji nayo si mambo ya kitoto: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 hapa Tanzania inaruhusu ujumbe wa kielektroniki kupokelewa mahakamani kama ushahidi.

Kwa hiyo ongea naye, hata saa nzima. Ukikata simu, andika papo hapo: "Fundi, kama tulivyoongea: kabati la mninga mtupu, siyo rangi ya mninga. Bei hii, advansi laki nne, unaleta tarehe hii. Nijibu 'ndiyo' nitume." Halafu subiri. Tiki mbili za bluu siyo jibu. Akikupigia, pokea, kisha andika tena. Akituma voisi, andika alichosema, athibitishe. Wapo mafundi hodari ambao kusoma kunawapa shida. Fundi wa hivyo, kijana wake wa karakana atamsomea na kumjibia. Lakini anayejua kusoma na hataki kukuandikia "ndiyo", achana naye, Keko na Buguruni mafundi wamejaa.

Hilo la simu kukuchosha watakushauri wengine. Mimi nataka hiyo laki nne unayotaka kutuma leo jioni ibaki kwako mpaka hilo jibu liingie.