Kujua kama katuni ni orijino

Sasa boss, umeuliza kama hiyo katuni ya gazeti unayouziwa pale Tom Mboya Street, Nairobi, ni ya mkono ama ni kopi. Usianze na sahihi, hiyo mtu yeyote anaiga. Inamisha karatasi kwenye mwanga wa dirisha, wino wa mkono hung'aa pale ulipokaa mwingi na chini yake mara nyingi utaona penseli haijafutika vizuri, halafu kuna yale mabaka meupe ya kufunika makosa (hayo ndo napenda, unaona kabisa msanii alichora pua akaikataa). Ukiweka lenzi ukaona vidoti vidoti basi mara nyingi imechapwa, rudisha. Na usiitundike juani, yangu moja ilikuwa ya kalamu ya felti, imefifia mpaka inakaa chai iliyopikwa na majani ya jana, sitaki hata kuongea.

Halafu ile shindano ya New Yorker, jarida la Marekani, ya kuandika maneno chini ya katuni, ni ya kila wiki tangu 2005, wasomaji wanatuma, tatu zinaingia fainali. Andika fupi. Mimi nimetuma mara kumi na kitu, kimya tu.