Jibu: Uwanja wa ndege wa Dalian hadi Kaifaqu

Habari mkuu. Umekwama utatokaje uwanjani Dalian, China, hadi Kaifaqu (eneo la maendeleo ya kiuchumi la jiji hilo) na mabegi mawili, Januari. Kwanza angalia saa ya kutua: ikiwa usiku wa manane metro (treni ya mjini) imeshafungwa, ni teksi tu. Mchana panda laini ya 2 palepale uwanjani, shuka Qingniwaqiao, tembea kidogo hadi stesheni kuu ya reli, kisha laini ya 3.

Mimi niliandika anwani kwa herufi za Kilatini. Dereva akaigeuzageuza karatasi kama cheti cha dawa, akanirudishia. Iandike kwa Kichina. Alipay, programu ya kulipia kwa simu, isajili ukiwa bado nyumbani. Na koti usilifungie kwenye begi linalopakiwa chini ya ndege, upepo wa bahari ule unapenya mpaka kwenye mbavu.