Neno "erratic" na mvua ya Ahero

Ndugu wa Ahero, umeuliza iwapo "erratic rainfall", maneno uliyoyakuta katika ripoti unayowatafsiria wakulima wa mpunga, yaweza kuitwa "mvua yenye makosa", kwa kuwa "erratic" linafanana na "error" (kosa). Kufanana huko si kwa bahati, kwani yote mawili yanatokana na kitenzi cha Kilatini "errare", chenye maana ya kutangatanga na pia kukosea. Hata hivyo, "erratic" limeshikilia zaidi ile maana ya kutangatanga, ndiyo sababu wanajiolojia huliita hivyo jiwe lililobebwa na barafu na kuachwa mbali na mwamba wake wa asili. Mvua ya namna hiyo, basi, haikukosea. Imekosa mpangilio, kama inaponyesha siku tatu mfululizo mwezi wa Machi, ikatoweka majuma mawili, kisha ikarudi kwa kishindo. Andika "mvua isiyo na mpangilio". "Mvua haba" usiandike kamwe, kwa sababu mvua inaweza kuwa tele na bado ikastahili kuitwa "erratic".

Kwa watu, tahadhari kidogo. Mwendo wa bodaboda inayoyumbayumba barabarani waweza kuitwa "erratic" bila shida, lakini mtu anayebadili nia kila asubuhi ni kigeugeu, na Kiingereza kina "fickle" kwa ajili yake. Mimi nisingelitumia "erratic" kumhusu mkubwa wangu kazini, maana lina harufu ya lawama. Katika kulitamka, kaza silabi ya pili: i-RA-tik.