Pikapu ya dizeli iliyozeeka: usikubali kuambiwa "weka 50 tu"

Juzi nimepata meseji ya kijana mmoja wa Arua, hapa Uganda, anasema kaka, mimi nina Hilux ya injini 3L (hilo ni jina la injini ya Toyota, si lita tatu), imeshapita kilomita laki nne, asubuhi inatoa moshi wa bluu kidogo halafu unaisha, fundi kaniambia nimwage oili ya 15W-40 niweke oili ya 50, ile nzito ya gredi moja, ndio itanyamaza, nifanye nini? Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili nikashindwa, maana hilo jambo linaniuma, na najua hayuko peke yake, wenye pikapu za dizeli za zamani nchi hii tuko wengi na wote tunaambiwa hivyo hivyo.

Mimi nabeba chumvi. Naitoa Katwe pale ziwani napeleka Bushenyi na Mbarara, wafugaji ndio wateja wangu, na kurudi napakia matoke. Anayeijua hii barabara anaelewa, pale Katunguru joto la mbuga linakupiga, halafu kidogo tu umeanza kupanda Kichwamba, kona juu ya kona, mzigo umejaa, gia ya pili, na injini inalia hivyo hivyo mpaka ufike juu. Gari yangu ni Hilux ya 3L hiyo hiyo, lita 2.8, haina tabo wala kompyuta, odometa imepita laki nne na nusu na injini haijawahi kushushwa. Dalali mmoja aliwahi kunitajia bei ya chuma chakavu mbele ya watu, wakacheka, na mjomba wangu mwenyewe akaniambia niiuze kabla haijanifia njiani. Sijasahau. Hiyo gari imelipa karo ya watoto wangu wote na imejenga nyumba, na majuzi nimeipeleka kupimwa kompresheni, yaani nguvu ya kubana hewa ndani ya silinda, silinda zote nne zimetoka karibu sawa, makanika akarudia kupima kwa sababu hakuamini.

Kwa hiyo mtu akiniambia gari ikizeeka inataka oili nzito na nzito zaidi, namwambia hapana.

Sikiliza namba zinavyosema. Ile ya mbele yenye W inahusu injini ikiwa baridi, ya nyuma ni uzito wa oili ikishapata moto, inapimwa kwenye nyuzi joto 100. Ndio maana 15W-40 na 5W-40 zikishapata moto ziko daraja moja, tofauti yao ni pale unapowasha. Oili ya 15W inapimwa kuona injini itazunguka kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na sisi hata Kabale ambako watu wanalala na blanketi mbili hatujawahi kuona baridi hiyo, basi kulipia 5W ni hiari yako tu, haitaharibu kitu lakini pesa inatoka. 5W-30 ndio usiguse kwa injini ya umri huu inayobeba mzigo, ni nyepesi mno ikishachemka. Sasa ile 50 ya gredi moja haina W kabisa, asubuhi imelala ikiwa nzito kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, pampu inahangaika kuivuta, inachelewa kufika kwenye kamshafti, shafti inayofungua valvu huko juu, na chuma kinalika sana katika huo muda mfupi wa kuwasha. Moshi unaweza kupungua kweli, sikatai, lakini ugonjwa umefunikwa blanketi.

Na huyo kijana moshi wake ni wa asubuhi tu! Mdogo wangu, moshi wa bluu unaotoka ukiwasha halafu unakata, kwanza shuku sili za valvu, vile vimpira vinavyozuia oili isipite kwenye valvu, zimekuwa ngumu, oili inadondoka usiku kucha inaingia ndani. Sili hazina bei ya kutisha, na kuzibadilisha si kushusha injini. Ukiwa mweupe na unachoma macho hiyo ni dizeli haijaungua, angalia hita plagi, zile zinazopasha silinda moto kabla ya kuwasha. Ukiwa bluu mchana kutwa ukipanda mlima, hapo ndio tuongee habari ya ringi za pistoni. Fundi asiyekuuliza moshi unatoka saa ngapi amejuaje dawa?

Sasa 20W-50. Wazee wetu waliitumia sana na kwa nchi ya joto si sumu, vitabu vya gari nyingi za zamani vinairuhusu, shida ni herufi. Geuza mkebe usome nyuma, utafute API, hicho ni kiwango cha ubora wa oili cha taasisi ya mafuta ya Marekani. Herufi inayoanza na C ni ya dizeli, inayoanza na S ni ya petroli, na 20W-50 nyingi zinazopangwa rafu za mbele ni za petroli, zimeandikwa SL au SJ peke yake. Dizeli inatoa masizi, oili yake lazima iwe na dawa ya kuyabeba yasigande na dawa ya kuua asidi. Mimi natumia 15W-40 yenye CI-4, gredi iliyotoka 2002, ina nguvu ya kutosha dhidi ya asidi na masizi. CH-4 inafaa pia. CK-4 ya 2016 ukiipata weka, inafanya kazi kwenye injini za zamani, lakini FA-4 iache, ni nyepesi, ilitengenezwa kwa injini mpya. Rimula ya Shell na Rubia ya Total zote zina 15W-40 za dizeli, nunua kwenye steshoni yenyewe, angalia sili ya kifuniko, na ukimaliza toboa mkebe kwa msumari kabla ya kuutupa, kwa sababu mkebe mzima unaokotwa unajazwa oili iliyotumika unauziwa jirani yako. Tafadhali fanyeni hivyo, mimi nafanya kila mara.

Kuna kitu kingine kinanikera mpaka leo. Gari ya shemeji yangu, pikapu ya Mitsubishi L200 nzuri tu, gereji moja waliimwagia dizeli ndani ya injini eti kuisafisha kabla ya oili mpya. Uchafu wa miaka yote ukabanduka kwa mpigo ukaziba chujio la kunyonyea chini kwenye sampu, taa ya oili ikawaka, yeye njiani, beringi zikaliwa. Hakuna aliyemlipa. Injini iliyokaa na oili chafu muda mrefu isafishe polepole, weka oili nzuri ya dizeli, itembeze kilomita 1,000 au 2,000, mwaga na ubadilishe filta, rudia, ndipo uende kwenye kilomita 5,000 za kawaida. Filta kila mara jamani, kila mara! Usibakishe ya zamani eti bado nzima.

Na usiogope weusi. Oili ya dizeli inakuwa nyeusi mapema sana, maana yake imeyabeba masizi, inafanya kazi yake. Uogope ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, hapo maji yameingia, gasketi imekwenda. Uogope pia ukivuta stiki ya kupimia oili ukakuta oili imepanda badala ya kupungua na inanuka dizeli, simamisha gari siku hiyo hiyo, oili iliyochanganyika na dizeli haishiki tena beringi.

Kijana wa Arua, anza na sili za valvu na 15W-40 ya CI-4, pima stiki kila asubuhi kabla ya kuwasha, andika unaongeza kiasi gani kati ya badilisho moja na lingine. Zikishabadilishwa na bado inakunywa, fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma, pumzi ikitoka kwa nguvu na kompresheni ikawa chini, oili yoyote haitakusaidia, anza kutenga pesa ya ringi, na mpaka itimie endelea na hiyo hiyo 15W-40 na uongezee inapopungua.