Mama Mkwe Hamchochei Mkeo, Amehesabu Ngazi

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 41, mke na watoto wawili. Tumedunduliza miaka 9 ili tuache kupanga. Nimepata nyumba ya ghorofa: vyumba vitano vyote juu, bustani, sebule ya kuketi watu ishirini. Ni mwendo wa saa moja na nusu kutoka kazini, lakini nina gari. Mke wangu anang'ang'ania nyumba ya chini ya vyumba vitatu, mtaa wa pili kutoka tunapoishi. Najua anajazwa maneno na mama yake, tunakaa naye na magoti ndiyo kisingizio chake. Mke yupo nyumbani tu, hana cha kupoteza tukihama. Kila usiku cherehani imetanda kwenye meza ya chakula, hatuna pa kulia. Nimeshampa dalali kitu kidogo cha kushikia nyumba. Nimshawishije? – Aliyechoka Kupanga*

Marahaba, mwanangu. Kudunduliza miaka 9 si mchezo, hongera. Sifa zako zimeishia hapo.

Barua yako nimeianzia chini. Unauliza umshawishije mkeo, kumbe pesa imeshatoka! Kinachomkera si vyumba vitano. Umemwekea sahani mezani, ndipo unamuuliza kama ana njaa.

Halafu eti "yupo nyumbani tu". Cherehani inayokunyima pa kulia kila usiku inashona nguo za nani? Mkeo ana wateja, na mteja wa fundi huja mara mbili tatu kwa vazi moja: kupimwa, kujaribisha, kuchukua. Huja kwa miguu, akitoka sokoni. Ukimhamisha mwendo wa saa moja na nusu, hakuna atakayemfuata. Sasa nyumba mnainunua kwa mapato ya wawili, mtaitunza kwa ya mmoja? Na kutunza nyumba si soda: anayejua nyumba hutenga walau asilimia 1 ya bei yake kila mwaka kwa paa, mabomba na rangi. Nyumba kubwa ina paa kubwa.

Tuje kwa mama mkwe, ambaye kwa maoni yangu ndiye mwenye akili kuliko nyote. Ghorofa moja ya kawaida ina vidato 16 au 17. Mzee wa magoti mabovu anayeamka usiku kwenda haja hamuwezi kumlaza sebuleni, na juu atapandishwa na nani? Nyumba ya kukaa na mzee inataka chumba na bafu chini, mlango wa bafu usiopungua sentimeta 80 ili kiti cha magurudumu kipite siku kikihitajika, na sakafu isiyoteleza. Leo ni magoti yake. Una miaka 41, yako yanakuja.

Na gari lako? Saa 3 kwa siku, siku 5, ni saa 15 kwa wiki. Kwa wiki 48 za kazi unapata saa 720, yaani siku 30 kamili, mchana na usiku, umekaa nyuma ya usukani. Hiyo ni kama ile saa moja na nusu ni ya kweli. Uliipima Jumapili na dalali, au Jumatatu asubuhi? Nenda Jumatatu, urudi jioni na foleni yake.

Ndoa za siku hizi zina maradhi haya: nyumba inachaguliwa kwa ajili ya wageni. Katika miaka 9, watu ishirini wamekuja kwenu mara ngapi? Harusi moja, msiba mmoja. Siku nyingine zote mtakuwa mnafagia sebule ya watu wasiokuwepo.

Lakini sitamwachia mkeo bure. Vyumba vitatu: nyinyi, watoto, bibi. Cherehani inarudi mezani palepale! Meza ya kukatia ya mita 1 kwa 2, yenye njia ya sentimeta 75 kuizunguka, inataka chumba cha mita 2.5 kwa 3.5, na afadhali kiwe na mlango wake wa nje ili mteja asipite katikati ya watoto. Kwa hiyo nyumba ile iwe na baraza la kuzibwa au kiwanja cha kuongezea chumba. Ikikosa vyote viwili, tafuteni ya tatu.

Mkienda kuitazama, nendeni wote, mara moja mvua ikinyesha na mara moja usiku. Fungua bomba la jikoni na la bafuni kwa pamoja, kisha vuta maji ya choo, uone kama yanabaki uzi. Ukuta uliopakwa rangi mpya chini tu, usawa wa goti, uguse kwa kiganja: ukiwa na ubaridi wa unyevu na rangi inamenyeka kama ganda la kitunguu, maji yanapanda kutoka kwenye msingi. Nyufa za unywele kwenye plasta zisikutishe. Ufa wa mshazari unaotoka pembe ya dirisha, upana wa milimita 5 au zaidi, mwite mhandisi kabla ya wakili. Wakili naye akachungulie kwenye masjala ya ardhi: jina la muuzaji ndilo lililo kwenye hati? Hati haiko rehani? Majina ya mnunuzi yaandikwe mawili.

Kuhusu dalali, soma ulichotia saini. Arubuni, ile pesa ya kushikia nyumba, inarudi ukijitoa, au inapotea? Kama hukuandikiana chochote, hilo nalo mkeo ana haki ya kulijua. Risiti mpe leo, kabla ya chakula cha jioni, na usimtaje mama yake.