Maswali yenu: Ramani za Red Alert ya zamani kwenye OpenRA

Swali: Mambo vipi mtaalamu, nina folda ya ramani za gemu la Red Alert ile ya 1996, kama 40 hivi, zote zinaishia na .mpr na nyingine nilizichora mwenyewe enzi hizo. Siku hizi nacheza OpenRA, ile inayolifufua gemu hilo kwenye kompyuta za sasa, nikizitupia humo hazitokei kabisa kwenye listi. Nimeambiwa gemu linakuja na programu ya kuzigeuza, nikaiklik mara mbili, dirisha jeusi likafunguka likamwaga maneno kibao likajifunga hata sijasoma. Nakosea wapi? Na zikigeuzwa zitacheza vilevile kama zamani?
*Kamanda mstaafu*

Jibu: Kamanda, programu yako nzima kabisa. OpenRA.Utility.exe ukiiklik tu haina cha kufanya, inakumwagia maelezo ya namna ya kuitumia halafu inajiondokea, yenyewe inataka uiambie kazi gani na faili gani. Fungua dirisha la komandi (cmd) kwanza, ingia kwenye folda ya gemu kwa cd, halafu andika:

`OpenRA.Utility.exe ra --import-ra-map "C:\ramani\kisiwa.mpr"`

Hilo "ra" la mwanzo usiliruke, ndo linaloiambia programu ni gemu lipi. Alama za kunukuu pia weka, jina la folda likiwa na nafasi katikati bila hizo alama linakatwa vipande viwili na faili halionekani. Walio Linux na wamejenga gemu wenyewe kutoka kwenye kodi wanatumia `./utility.sh` badala ya hiyo exe, mengine yote yaleyale.

Ikikubali itakuambia kisiwa.oramap saved, na faili jipya linakaa pale uliposimama wewe kwenye dirisha, sio kule ramani ilikotoka. Hapa ndo watu wanakwama sana, maana gemu likiwa limeinstoliwa ndani ya Program Files basi Windows haikuruhusu kuandika humo, inakuja erro ya ruhusa mtu anaanza kulaumu ramani. Mimi nashusha ile ya portable, isiyohitaji kuinstoliwa, naiweka kwenye folda yangu mwenyewe, kelele zinaisha.

Kwa 40 usiandike moja moja utachoka. Zikopi zote kwenye folda hiyohiyo ya programu halafu:

`for %f in (*.mpr) do OpenRA.Utility.exe ra --import-ra-map "%f"`

Ukiiweka kwenye faili la .bat hiyo asilimia moja iwe mbili, %%f. Zikishageuka zihamishie kwenye folda ya data ya OpenRA, humo kuna maps, ndani yake ra, ndani yake tena folda yenye jina la toleo lako, ukikosea folda ya toleo hazitokei na utarudi kuniandikia.

Sasa hilo la kucheza vilevile. Fungua .mpr yako kwa Notepad uone, ni maandishi matupu, kuna [Terrain] ndo miti, kuna [Waypoints] ndo alama za mahali, halafu chini [MapPack] yenye rundo la herufi zisizosomeka. Hilo rundo ndo ardhi yote, selo (viboksi vya ramani) 128 kwa 128 na kila selo baiti 3, imebanwa ikakunjwa kuwa herufi. Kigeuzi kinaikunjua na kuipanga upya kwa mtindo wa OpenRA, na zile waypoint namba 0 mpaka 7 kinazifanya sehemu za wachezaji kuanzia. Ardhi, miti, madini, majengo, hayo yote yanavuka. Ukiona mstari wa "Ignoring unknown actor type" ujue kuna kitu kwenye ramani ambacho OpenRA haikijui, kimerukwa, ramani yenyewe inaendelea.

Kisichovuka ni akili ya misheni. Vile vitu vya [Trigs] na [TeamTypes], kwamba ukivuka daraja vifaru vinatokea, vinaachwa hukohuko kwa sababu OpenRA misheni zake zinaandikwa kwa Lua, lugha ya programu. Ramani za kupigana tu na washkaji hazina shida, ila ya misheni ukiigeuza unapata adui amesimama tu anakutazama.

Na kitu kingine kinachoumiza watu katikati ya mechi ni madini. Red Alert ya zamani madini yalikuwa yanaota yenyewe, OpenRA yanaota pale tu penye mgodi, yaani kile kitu cha ramani (actor) kinachoitwa mine. Kama wewe ulipaka madini bila kuweka mgodi, baada ya muda shamba linabaki vumbi na wote mnakaa bila hela. Fungua kila ramani kwenye edita ya gemu, pachika mgodi katikati ya kila shamba, sevu. Ukiwa humo badilisha na jina la mchoraji, kigeuzi kinaandika Westwood Studios hata kama umekesha wewe. Ukipenda njia ya mkato, .oramap ni zipu tu, badilisha jina iishie .zip, ndani utakuta map.yaml, hiyo inasomeka kabisa.

Swali: Nimejaribu komandi hizo kwa SCG01EA.INI ya Command & Conquer ya kwanza, ikanigomea ikaongelea NewINIFormat. Faili limekufa?
*Wa GDI*

Jibu: Halijafa, umeligongea mlango wa jirani. Ya 1995 ni `OpenRA.Utility.exe cnc --import-td-map`, na ramani zake ni faili mbili, .ini ina vitu na .bin ina ardhi, lazima zikae pamoja na jina moja. Hiyo .bin iangalie ukubwa, inatakiwa baiti 8192 kamili, yaani selo 64 kwa 64 mara baiti 2, ikipungua hapo ndo uanze kusema imekufa. Kwenye Linux andika .bin kwa herufi ndogo. Ila SCG01EA ni misheni ya kwanza ya upande wa GDI, OpenRA inayo tayari na Lua yake, usijisumbue.

Swali: Kuna kurudisha .oramap iwe .mpr?
*Bila jina*

Jibu: Hamna, ni kwenda tu. Zile .mpr usifute.